Klimatizeri ya ukutani: osha kwanza, gesi baadaye

Kila mwaka joto la Septemba likianza kupanda hapa Lubumbashi, simu ni zile zile: "Fundi, klimatizeri haileti baridi, njoo uweke gesi." Mara nyingi gesi ipo. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na anayeongeza bila kutafuta pavujapo amekuuzia hewa.

Kinachokosekana ni njia ya hewa. Kuanzia Mei mvua inakatika, na miezi yote ya kiangazi vumbi jekundu la barabara za Katuba na Ruashi linapanda, moshi wa makala (makaa) nao haupumziki, na Agosti yanaongezeka majivu ya nyasi zinazochomwa pembeni mwa mji. Vyote hivyo vinaishia mgongoni mwa mashine, upande ambao mwenye nyumba haangalii.

Naongelea mashine ya kipande kimoja inayokaa ndani ya boksi la bati lililojengewa ukutani, uso chumbani, mgongo nje. Ya dirishani huwa ina matundu ya hewa ubavuni. Hii haina, hewa yote ya nje inaingilia na kutokea mgongoni. Kwa hiyo usiegemeze mabati wala magunia nyuma yake, hata kwa wiki moja.

Hatua ya 1: Kata umeme. Zima, chomoa kwenye prizi. Kama waya umeunganishwa moja kwa moja, shusha disjonkteri yake (swichi yake kuu ya kukata umeme) na umwambie kila mtu nyumbani asiipandishe.

Hatua ya 2: Chujio. Fungua uso wa plastiki, vuta chujio, litikise nje, lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo. Anika kivulini, maana jua kali linalipinda. Lirudishe likiwa kavu kabisa. Wakati wa vumbi fanya hivi kila wiki mbili, wakati wa mvua mara moja kwa mwezi inatosha. Usiwashe mashine bila chujio, hata "kidogo tu".

Hatua ya 3: Vuta mashine nje ya boksi. Hii ndiyo kazi yenyewe, mara moja kwa mwaka, na wakati wake mzuri ni mwisho wa Agosti. Kuna mafundi wanaopuliza upepo kwa mbele, wanachukua hela, wanaondoka. Mimi hiyo siihesabu kuwa kusafisha. Fungua skrubu za uso, kisha vuta taratibu mkiwa watu wawili. Ni nzito, na uzito wote uko upande wa kompresa, ile pampu ya gesi. Shikeni kitako cha bati, kamwe msishike mabomba ya shaba. Tayarisheni meza imara mapema.

Usiguse kapasita, kile kikopo chenye waya mbili au tatu. Kinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Angalia pia ndani ya boksi tupu. Nyigu wanapenda kujenga udongo wao humo, na mchwa hula fremu ya mbao bila kelele.

Hatua ya 4: Osha radieta zote mbili, ya ndani inayopoza chumba na ya nyuma inayotoa joto nje. Funika mota ya feni na sehemu ya waya kwa mfuko wa plastiki, kaza kwa kamba. Anza na vumbi kavu: tumia brashi laini ya rangi, ukipitisha kufuata mistari ya vile vibati vyembamba, juu kwenda chini. Ukikatisha, vinalala, na kilicholala hakipitishi hewa. Vilivyolala viinue polepole kwa ncha ya kisu butu.

Sasa maji. Radieta ya nyuma imwagie kutoka upande wa feni kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea. Ukimwagia kwa nje unausukuma katikati, na humo hautoki tena. Utaona maji yanatoka mekundu kama ya tofali, endelea mpaka yawe meupe. Tumia ndoo na kopo, au mpira wa bustani bila kubana mdomo. Mashine ya kuoshea magari iache huko huko kwa magari. Javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) usitumie, inakula aluminiamu.

Hatua ya 5: Sinia la maji. Kwangua utelezi wote, maana harufu ya ukungu chumbani inatoka hapo. Lakini usitoboe sinia. Mashine nyingi za aina hii zina pete kwenye feni ya nyuma inayochota maji hayo na kuyarushia radieta ya moto ili ipoe. Sauti ya maji kurukaruka nyuma ni kazi, si ugonjwa. Ugonjwa ni maji kudondokea chumbani. Hapo weka pimamaji juu ya boksi: linatakiwa lilale kidogo sana kuelekea nje.

Hatua ya 6: Rudisha na upime. Iache ikauke kabisa, iingize, ziba nafasi za pembeni kwa sponji. Iwashe robo saa, kisha pima kwa kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 11 ni nzuri. Ikiwa 3 au 4 baada ya kuosha vizuri, sasa ita fundi, mwambie aangalie viungo vya mabomba: penye mafuta mafuta ndipo panapovuja.

Delestaji, yaani mgao wa umeme, nayo inaua kompresa. Umeme ukirudi, usiwashe papo hapo. Subiri angalau dakika 3 ili msukumo wa gesi ndani ulingane, la sivyo kompresa inaanza kwa kulazimishwa. Mimi nasubiri 5, kwa sababu umeme wetu ukirudi mara nyingi unacheza kabla ya kutulia.

Ukiona barafu kwenye radieta ya ndani, zima ubaridi, acha feni peke yake mpaka iyeyuke, kisha kagua chujio. Na usiku wa Juni na Julai, nje kukiwa na baridi, fungua dirisha tu: mashine hizi zinaganda zikilazimishwa kupoza wakati huo.