SOMO: St Ives hadi Penzance kwa miguu, siku tano juu ya magenge ya Cornwall

Wakuu, habari za muda. Tangu niweke zile picha za Cornwall, haipiti wiki sijaulizwa: "Kaka, pale ni wapi, na ni kilomita ngapi?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu.

Kabla hamjaanza utani: magenge ninayosema si genge la nyanya na vitunguu. Ni ule ukingo ambapo nchi inakatika ghafla na bahari iko chini kabisa inapiga mawe. Njia ya miguu inapita juu yake. Ni kipande tu cha South West Coast Path, inayoanzia Minehead na kuishia mdomoni mwa bandari ya Poole, maili 630, yaani kilomita 1,014. Sisi tunachukua kilomita kama 66 za nchani kabisa mwa Uingereza, pale ramani inapochongoka.

Hatua ya 1: Wakati. Mei au Septemba. Agosti vyumba vimejaa na bei imepanda. Majira ya baridi achana nayo.

Hatua ya 2: Gawa siku. St Ives–Zennor, kilomita kama 10. Zennor–Pendeen, 12. Pendeen–Sennen Cove, 15. Sennen–Porthcurno, 11. Porthcurno–Penzance, 18. Mkiona siku ya kwanza ni fupi msiiunganishe na ya pili. Sababu iko hatua ya 6.

Hatua ya 3: Vyumba kwanza, tiketi baadaye. Zennor ni kanisa, baa na nyumba chache. Vitanda vinahesabika. Kulala kwenye hema popote unapopenda hairuhusiwi bila idhini ya mwenye ardhi.

Hatua ya 4: Treni. London Paddington, unashuka St Erth, unapanda treni ndogo ya St Ives. Kaa upande wa kulia, utaona ghuba yote. Kurudi unapandia Penzance, reli inakoishia.

Hatua ya 5: Mzigo. Buti zilizokwisha kuzoea mguu, koti la mvua la kweli, soksi za sufu jozi tatu, tochi ya kichwani, pawabanki, ramani ya karatasi (Ordnance Survey, Explorer 102), maji lita mbili. Sanduku kubwa kuna watu wa kulibeba kwa gari kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, unawalipa kwa siku. Si aibu.

Hatua ya 6: St Ives hadi Zennor. Hapa someni polepole.

Mara ya kwanza nilikwenda na shemeji yangu mwisho wa Oktoba, wiki ile saa zinaporudishwa nyuma. Nikaangalia ramani: kilomita 10. Nikapiga hesabu ya Ubungo hadi Kariakoo, nikasema masaa mawili na nusu, ikizidi sana matatu. Tukala mchana bila haraka, tukaondoka saa saba na nusu. Ukiuacha ufukwe wa Porthmeor lami inakwisha, na muda si muda hutembei tena, unapanda na kushuka mawe. Mawe ya itale makubwa kama jokofu, yanateleza, na katikati yake tope jeusi linalovuka kifundo cha mguu. Shemeji alivaa raba. Akakanyaga, mguu ukatoka, raba ikabaki. Tuliichimbua kwa mikono kama muhogo. Saa kumi na moja jua likazama, na Zennor hata harufu yake hatujaipata. Simu yake ilikuwa na asilimia 14, yangu haishiki mtandao. Tochi ya simu inamulika hatua mbili tu mbele yako. Upande wa kulia unaisikia bahari, iko chini, lakini ukingo wenyewe huuoni. Hapo ndipo nilipoacha ubishi. Tulishika kijia cha kwanza kinachoingia bara, tukapita mashamba mawili ya ng'ombe, tukatokea barabarani karibu saa mbili usiku. Mwenye shamba alitumulika kuanzia usoni hadi miguuni, akatikisa kichwa na kusema neno moja: "Raba?"

Kwa hiyo:
– Hesabu masaa, usihesabu kilomita. Kipande hiki weka kilomita mbili kwa saa. Mimi sasa nakipa masaa sita pamoja na chai.
– Ondoka saa tatu asubuhi, si zaidi ya saa nne.
– Kabla hujatoka, weka alama kwenye ramani vijia vyote vinavyoingia bara hadi barabara ya B3306. Hiyo ndiyo milango yako ya dharura. Kuvitafuta gizani ni kamari.
– Ukungu ukishuka au upepo ukikusukuma mwili, acha ukingo, pita bara. Hakuna anayetoa medali.
– Ajali: piga 999, omba Coastguard (walinzi wa pwani), si polisi. Kabla ya safari tuma neno "register" kwenda 999 kwa ujumbe mfupi, ili uweze kuwatumia ujumbe pale ambapo sauti haipiti.

Hatua ya 7: Zennor hadi Penzance. Fuata alama ya tunda la mwaloni. Bahari iwe mkono wako wa kulia siku zote tano. Ikiwa kushoto, umegeuka. Kati ya Pendeen na Cape Cornwall ni nchi ya migodi ya bati: Geevor uliofungwa 1990, Levant, Botallack yenye majumba mawili ya mitambo yaliyong'ang'ania jabali utadhani yanashuka kuoga. Usiache njia pale kutafuta picha. Kuna mashimo ya zamani ya mgodi yaliyofunikwa na majani. Land's End yenyewe ni maduka na maegesho, piga picha upite. Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Maswali karibuni. Soma kwanza.

---

Kijana wa Ilala: Asante mkuu, uzi mzuri. Sasa jumla ni kilomita ngapi?

Mwandishi: Aya ya pili.

Nuru B: Kaka hongera kwa somo. Nina swali la kijinga kidogo. Kwa nini njia inashuka kila kighuba halafu inapanda tena? Si wangeipitisha juu moja kwa moja?

Mwandishi: Dada, hilo si la kijinga, ndilo swali ambalo miguu yako itauliza siku nzima. Njia hii hawakuitengeneza watalii. Waliikanyaga walinzi wa pwani waliokuwa wakiwinda magendo, chai, pombe kali, tumbaku. Mtu wa magendo anajificha kwenye kighuba, kwa hiyo mlinzi alilazimika kuchungulia kila kighuba. Angepita juu moja kwa moja, jahazi lingeshusha mzigo chini ya miguu yake. Watu wa Bagamoyo na Pangani hapa hawahitaji maelezo. Na ukifika zile mawe za Zennor, geuka utazame visiwa vidogo vya mawe vinavyoitwa The Carracks. Sili hujianika pale. Beba darubini hata ya mtoto.

Chogo84: Unatisha watu bure. Mimi nimepanda Kilimanjaro mpaka Uhuru, hicho kilima cha Waingereza ndiyo kinishinde?

Mwandishi: Hongera. Begi ulibeba mwenyewe au mpagazi? Chakula ulipika mwenyewe? Nani alikuwa anakwambia pole pole? Huku hakuna wa kukwambia. Sikusema ni ndefu wala juu. Nimesema inateleza na mchana ni mfupi.

Chogo84: Nimeuliza tu bosi.

Mwandishi: Hukuuliza.

Mama Nasra: Mimi na wenzangu wanne tunataka kwenda Mei inshallah. Je, chakula? Kule halali kuna kweli?

Mwandishi: Shikamoo mama. Nyama ya halali vijijini sikuiona, msitegemee. Lakini samaki wapo kila mahali, na Newlyn, mlango wa pili na Penzance, ni bandari kubwa ya uvuvi. Ulizeni mafuta ya kukaangia, baadhi ya maduka hutumia mafuta ya ng'ombe. Halafu kuna pasty. Ichukulie kama sambusa kubwa ya kuoka, ukubwa wa mkono, imefinywa pembeni kama kingo za mkeka. Ya asili ni nyama ya ng'ombe, viazi, kitunguu na aina ya tanipu. Chukueni ya jibini na kitunguu. Wachimba bati walikuwa wakishuka nayo mgodini. Ukiiweka ndani ya koti asubuhi, saa sita bado ina uvuguvugu. Swala: nyasi ni nyingi. Kibla ni kusini-mashariki, mkiwa Land's End mnaipa bahari mgongo kidogo.

Mama Nasra: Marahaba mwanangu. Allah akuzidishie.

Kijana wa Ilala: Niko Dar. Viza inachukua muda gani?

Mwandishi: Tovuti ya serikali ya Uingereza. Mimi si ubalozi.

Mzee wa Shangani: Umepita Porthcurno kwa mstari mmoja, umenisikitisha. Hapo ndipo kebo ya telegrafu, ile simu ya maandishi, ilipotokea baharini.

Mwandishi: Shikamoo mzee, umenishika. Ni kweli, somo lilikuwa linarefuka. Wakuu, Porthcurno ni kighuba chenye mchanga mweupe na maji ya kijani, ukikitazama kutoka juu utasema Nungwi mpaka uingize mguu. Mwaka 1870 kebo ya kwenda India ilianzia pale, chini ya bahari. Sasa kuna makumbusho, tengeni masaa mawili, ingieni. Pembeni yake, jabalini, kuna ukumbi wa maigizo wa Minack, ambao mama mmoja, Rowena Cade, alianza kuujenga bustanini kwake. Onyesho la kwanza lilikuwa 1932.

Mzee wa Shangani: Marahaba. Na 1879 kebo ikafika Unguja kutoka Aden, ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Lile jumba la simu la Shangani, sasa ni hoteli. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaona zile waya tukidhani ni za umeme. Kumbe ncha yake ya pili ni huko kwenye baridi yenu.

Mwandishi: Mzee, mara tatu nimepita pale na sikuwahi kuliunganisha hilo. Nikirudi nitasimama juu ya ule mchanga kwa niaba yako.

Mpare Halisi: Kupe wapo?

Mwandishi: Wapo, kwenye majani marefu. Suruali ndani ya soksi, jioni jikague nyuma ya magoti na kwenye nyonga. Ukimkuta mtoe kwa kibanio, karibu kabisa na ngozi, vuta wima. Usimpake mafuta, usimchome na kiberiti. Ukipata duara jekundu linalopanuka, muone daktari upesi.

Nuru B: Na buti zikilowa usiku?

Mpare Halisi: Jaza magazeti ndani, badilisha kila baada ya masaa mawili. Usiweke kwenye hita, gundi inaachia. Yangu zilifumbuka domo kama mamba.

Mwandishi: Naongeza: malengelenge yanaanza kama joto tu. Ukihisi joto kisiginoni simama hapo hapo ubandike plasta, usisubiri kilele cha mlima.

Nuru B: Basi nimekata tiketi, wiki ya pili ya Mei. Buti nimenunua jana, nazivaa nikipika ili zizoee. Mume wangu anauliza kama nimeandikishwa jeshini.

Mwandishi: Mwambie apike yeye, wewe panda ngazi.