Kuchora Ramani ya Sakafu ya Bwawa na Tabaka Zilizo Chini Yake kwa Sonari

Anayetaka kuchora ramani ya sakafu ya bwawa kwa sonari, yaani chombo kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, aamue kwanza anatafuta nini, kwa sababu kina cha maji na kilichofukiwa chini ya tope havionyeshwi na sauti ya aina moja. Sauti ya masafa ya juu, kwa kawaida kilohezi 200 hadi 400, hutoa picha kali ya uso wa sakafu lakini huishia papo hapo. Ile ya masafa ya chini, kilohezi 2 hadi 16 hivi, hupenya tope laini na kurudi na habari za tabaka za ndani, ingawa picha yake ni hafifu zaidi. Kwa hiyo panga kubeba vyombo viwili.

Kabla ya kuingia majini, itafute ramani ya bonde iliyopimwa kabla bwawa halijajazwa. Ukiipata, pitisha mistari yako ya upimaji kutoka ukingo hadi ukingo, ikiukata mkondo wa zamani wa mto, kisha ongeza mistari michache ya urefu ili vina vya kwenye makutano vilinganishwe. Sonari ya miale mingi, inayotuma miale mingi ya sauti kwa mpigo mmoja, hufagia ukanda wenye upana wa takriban mara tatu au nne ya kina, hivyo penye maji machache mistari lazima isogeleane. Fanya kazi bwawa likiwa limejaa, mashua iweze kufika karibu na kingo.

Jambo linaloharibu ramani nyingi kuliko yote ni mwendo wa sauti. Chombo hakipimi kina, hupima muda; kina ni mwendo wa sauti ukizidishwa kwa muda wa kwenda na kurudi, kisha kugawanywa kwa mbili. Katika maji baridi yasiyo na chumvi, kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, sauti husafiri mita 1,447 hivi kwa sekunde, na kwenye nyuzi 20 hufikia takriban mita 1,482. Ukiweka thamani ya pili ilhali maji yako ni ya nyuzi 10, kina cha mita 50 kitasomeka kama mita 51.2, na kosa hilo likitandazwa juu ya bwawa zima linatosha kuzua au kuficha kiasi kikubwa cha tope. Isitoshe, mabwawa yenye kina huwa na maji ya joto juu na ya baridi chini, na mpaka huo huipinda miale ya pembeni, ndiyo maana sakafu tambarare huonekana imejikunja kingoni mwa kila ukanda. Shusha kipimo cha mwendo wa sauti hadi chini asubuhi, na tena kila jua linapopasha maji au unapohamia mkono mwingine wa bwawa. Kisha ning'iniza bamba la chuma chini ya kichwa cha sonari, sehemu inayotoa sauti, kwa kina unachokijua na uhakikishe chombo kinasoma hivyohivyo. Andika pia usawa wa maji kwa saa, kwani unaweza kubadilika ukiwa kazini.

Kifunge kichwa cha sonari mbali na mapovu ya rafadha, na kihisi cha miyumbo ya mashua kiwe karibu nacho. Nenda polepole na kwa mwendo usiobadilika. Kwenye miteremko mikali, usiuamini sana mwale mpana: mwale wa nyuzi 8 kwenye kina cha mita 30 hufunika duara la zaidi ya mita 4, na mwangwi wa kwanza hutoka sehemu iliyo karibu zaidi, hivyo bonde jembamba husomeka kuwa na kina kidogo kuliko uhalisia.

Katika picha ya sauti ya masafa ya chini, mstari wa kwanza ni uso wa tope. Chini yake, mashapo ya bwawa, yaani tope na mchanga uliotuama, huonekana kama mistari myembamba iliyolala sambamba, mpaka mwangwi mkali wenye mawimbimawimbi ambao mara nyingi ndio ardhi ya kale. Visiki vilivyozama huchora upinde mdogo. Mstari unaojirudia kwa kina maradufu ni mwangwi wa pili wa sakafu, wala si mwamba. Gesi ya methani iliyonaswa kwenye tope huizuia sauti kabisa, nayo ni kawaida mahali majani yanapooza. Katika Ziwa Mead, lililoko nyuma ya Bwawa la Hoover nchini Marekani, upimaji wa mwaka 1999 hadi 2001 ulionyesha mashapo yamelala hasa kwenye mabonde ya zamani ya mito, huku miteremko mingi ikibaki karibu ilivyokuwa. Basi usisambaze unene wa tope sawasawa kila mahali.

Hakuna tafsiri ya tabaka iliyo salama bila kuchomeka bomba na kutoa sampuli mahali pachache. Unene uliosomwa kwa sonari ulinganishwe na tofauti kati ya sakafu ya sasa na ramani ya zamani; zikipishana, chunguza kwanza ramani ya zamani, ambayo mara nyingi ilipimwa kwa nukta chache. Kwenye ramani ya mwisho andika usawa wa maji uliotumika na tarehe za upimaji, na maeneo yaliyozibwa na gesi yaachwe matupu, yasijazwe kwa kukisia.