Jinsi ya kusafisha majina ya pili ya fanksheni kwenye asembli ya kerneli ya Linux

Wakuu, kama umewahi kufungua faili la .S (msimbo wa asembli) kwenye kerneli ukakuta fanksheni moja ina a.k.a kama msanii wa Bongo Fleva na hujui jina lipi ndo la kitambulisho, basi hii ni yako. Tuchukue memset (fanksheni inayojaza kipande cha memori kwa thamani moja) ya arm64 (prosesa za ARM za biti 64), maana hiyo ndo iliniumiza kichwa. Mpaka toleo la 5.17 ilikuwa imekaa hivi:

```
SYM_FUNC_START_ALIAS(__memset)
SYM_FUNC_START_WEAK_PI(memset)
        ...
SYM_FUNC_END_PI(memset)
EXPORT_SYMBOL(memset)
SYM_FUNC_END_ALIAS(__memset)
EXPORT_SYMBOL(__memset)
```

Unaona shida? Kila jina linafunguliwa juu na kufungwa chini, na kuna jina la tatu, __pi_memset, ambalo hata huwezi kuligrep (kulitafuta kwa maandishi yake) kwa sababu limejificha ndani ya makro ya _PI (position-independent, yaani msimbo unaofanya kazi popote ulipowekwa kwenye memori). Ukiongeza jina moja unagusa sehemu mbili, na katikati kuna mistari kibao ya asembli, kwa hiyo kusahau kufunga ni dakika sifuri.

Kabla hujafuta chochote jua kila jina linamtumikia nani. memset ni la watu wote. __memset lipo kwa ajili ya KASAN, kile kichunguzi cha makosa ya memori: ukikiwasha kinakuja na memset yake inayokagua kwanza kama memori unayotaka kuandika ni halali, ikiridhika ndo inaita __memset ipige kazi yenyewe. Ndo maana memset ya kwenye asembli inatakiwa iwe simboli dhaifu (inayokubali kupinduliwa na nyingine ya jina hilohilo), ili ya KASAN ikitokea linka (anayeunganisha mafaili yote kuwa kerneli moja) aichukue hiyo na hii ikae pembeni. __pi_memset ni ya msimbo unaokimbia mapema kabisa mashine inapowaka, wakati kerneli bado haijahamia kwenye anwani zake za kawaida.

Sasa, toleo la 5.18 (mwaka 2022) lilileta SYM_FUNC_ALIAS, SYM_FUNC_ALIAS_LOCAL na SYM_FUNC_ALIAS_WEAK, na zile za START_ALIAS na END_ALIAS zikaondolewa kabisa. Wazo lenyewe ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini haikuwa hivi toka zamani: andika fanksheni mara moja kwa jina moja, ifunge, halafu majina mengine yote yafuate chini:

```
SYM_FUNC_START(__pi_memset)
        ...
SYM_FUNC_END(__pi_memset)

SYM_FUNC_ALIAS(__memset, __pi_memset)
EXPORT_SYMBOL(__memset)

SYM_FUNC_ALIAS_WEAK(memset, __pi_memset)
EXPORT_SYMBOL(memset)
```

Jina jipya linatangulia, la asili linafuata. Chini chini ni `.set` tu ya asembla, hakuna hata baiti moja ya msimbo inayoongezeka. Na kwenye memcpy ndo utaelewa utamu wake, maana kwa arm64 memcpy na memmove ni mwili mmoja wenye majina sita, sasa fikiria kuyafungua na kuyafunga yote kwa mtindo wa zamani.

Kama unafanya kazi kwenye kerneli mpya hii imeshafanyika. Wenye kazi ni sisi tunaolea miti (nakala za msimbo wa kerneli) ya zamani kama 5.10, au mti wa kiwanda wa bodi fulani. Anza kwa kutafuta:

```
git grep -nE 'SYM_FUNC_(START|END)_ALIAS|_PI\('
git grep -n SYM_FUNC_ALIAS include/linux/linkage.h
```

Ya pili isipotoa kitu, leta kwanza makro zenyewe kwenye linkage.h kama komiti yake peke yake, kisha badilisha faili moja moja, za zamani uzifute mwisho kabisa pale ambapo hakuna anayezitumia tena. Ukichanganya vyote kwenye komiti moja halafu kitu kivunjike, git bisect (inayotafuta ni komiti ipi ilileta kosa) haitakusaidia lolote.

Jina la asili liwe lile ambalo haliwezi kupinduliwa na mtu. Mi mara ya kwanza niliandika SYM_FUNC_ALIAS ya kawaida kwa memset, nikasahau _WEAK, bildi ikapita vizuri nikajisifu weee, baadaye nikawasha KASAN linka akanitupia "multiple definition of `memset'". Kwa hiyo jenga mara mbili, KASAN ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Na kama ndani ya faili hilohilo kuna sehemu inaita fanksheni hii, iite kwa jina lenye nguvu, ukiita lile dhaifu unaweza kujikuta umeishia kwenye ya KASAN bila kutaka.

Kuhakiki sasa. Weka pembeni .o (faili lililokwisha kukompailiwa) ya kabla, jenga ya baada, halafu:

```
aarch64-linux-gnu-nm -n arch/arm64/lib/memset.o
```

Majina yote matatu yawe na anwani ileile, mawili yana T (ya kawaida) na memset ina W (dhaifu). Pitisha pia `readelf -sW`, kila moja liwe FUNC na saizi zilingane, saizi ikiwa 0 kuna kitu umeruka. Kisha toa .text (sehemu yenye msimbo wenyewe) za mafaili yote mawili na uzilinganishe:

```
aarch64-linux-gnu-objcopy -O binary -j .text kabla.o kabla.bin
aarch64-linux-gnu-objcopy -O binary -j .text baada.o baada.bin
cmp kabla.bin baada.bin
```

cmp ikinyamaza, umemaliza. Ikiongea usijiambie "aah ni kitu kidogo", fungua objdump -d utafute ni wapi, maana hapa tunabadilisha majina tu.

Jambo moja la pembeni: baada ya hapo mashine ikianguka unaweza kuona __pi_memset kwenye stack trace (orodha ya fanksheni zilizokuwa zinaitana) ambako ulizoea kuona jina lingine. Majina yanashea anwani moja na kallsyms (orodha ya majina ya fanksheni ndani ya kerneli) inachagua moja la kuonyesha, na lile dhaifu huwa inaliweka nyuma. Sio bagi yako hiyo.