Wiki moja Paris kwa hela ya kikoba: jinsi ya kupanga bajeti

Ukipanga kwenda Paris, amua siku ya kufika kabla hujaamua kitu kingine chochote, na siku hiyo iwe Jumatatu. Sababu ni usafiri. Kule kuna kadi inayoitwa Navigo, na tiketi yake ya wiki haihesabiwi tangu siku uliyonunua: inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili usiku. Mwaka 2025 ilikuwa euro 31.60, na kwa hela hiyo unapanda metro, yaani treni ya chini ya ardhi, basi, tramu na treni za RER za kwenda viungani utakavyo, jiji zima na viunga vyake, mpaka Versailles, mpaka uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Mwaka huo huo tiketi ya uwanja wa ndege peke yake ilikuwa euro 13. Kwenda na kurudi, 26. Ukitoa safari hizo mbili, wiki nzima ya kuzunguka mjini imekugharimu euro tano na senti. Ukifika Ijumaa, tiketi ya wiki hiyo haiuzwi tena, utauziwa ya wiki inayofuata, na wewe utabaki kununua tiketi moja moja za metro, ambazo mwaka 2025 zilikuwa euro 2.50 kila moja.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Mbagala, na mwanzoni mwa Februari 2025 nilikwenda Paris na wifi yangu. Tangu tumerudi, wenzangu wananiuliza swali moja: ziliingia ngapi, zikatoka ngapi? Nawajibu hapa wote kwa pamoja, maana naamini kabisa kwamba mwanamke anayeuza vitenge au mama lishe anaweza kuiona Paris akipanga mapema.

Kwanza, piga hesabu zako zote kwa euro moja shilingi 3,000. Duka la fedha likiuza chini ya hapo, ile tofauti ni yako ya dharura. Likiuza juu, hutatetereka sana. Na ukishapiga hesabu hiyo nyumbani, ukifika kule acha kubadilisha kila kitu kichwani kuwa shilingi. Mkate wa shilingi elfu nne utakukata maini, nawe lazima ule.

Sasa viza, kwa sababu hapa ndipo bajeti za wengi zinapokwama. Viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwemo, ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 11, na mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Ukinyimwa, hela hairudi. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi, na kuna bima ya safari, ambayo lazima ikulinde kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huko mwisho. Jibu la kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kwenda mpaka 45.

Ufaransa inataka uonyeshe kwamba una hela ya kujikimu, na kiwango chake kimeandikwa wazi: euro 65 kwa siku kama una hoteli uliyoweka nafasi, euro 120 kwa siku kama huna. Kwa siku saba, mwenye hoteli anaonyesha euro 455, yaani shilingi 1,365,000. Asiye na hoteli anaonyesha 840, yaani 2,520,000. Tofauti ya zaidi ya milioni moja, kwa karatasi moja tu ya hoteli! Weka nafasi kwenye hoteli inayokubali kufuta bila kukata hela, na tiketi ya ndege usiilipie mpaka viza itoke. Wao wanataka kuona nafasi uliyoshika, hawakulazimishi uwe umeshalipa.

Na hapa naongea kama mweka hazina. Taarifa yako ya benki itatazamwa kwa miezi kadhaa nyuma. Ukivunja kikoba Desemba, ukaingiza milioni nne kwa mkupuo, na Januari ukaenda kuomba viza, afisa ataona akaunti iliyolala mwaka mzima halafu ikaamka ghafla. Atadhani umeazima hela ya kuonyesha. Kwa hiyo usiiache akiba yote ndani ya kikoba. Kila mwezi peleka kiasi benki, na uweke humo hata mauzo yako ya kila wiki, ili akaunti ionyeshe maisha yako yalivyo. Kama mgao wa kikoba umeingia kwa mkupuo, ambatanisha barua ya kikoba yenye muhuri na saini za viongozi, ieleze hela imetoka wapi. Nimeandikia barua za namna hiyo wanachama wetu wawili, nami naziandika kwa moyo wote.

Tiketi ya ndege ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Kutoka Dar unaweza kupitia Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na bei zinapishana sana kwa siku na kwa saa. Sisi tulitenga shilingi milioni 2.6 kwa kila mmoja. Kama unaweza, kwepa Desemba na kwepa Juni hadi Agosti. Novemba, na kuanzia katikati ya Januari mpaka Februari mwanzoni, vyumba vinashuka bei. Ndiyo, kuna baridi kali. Koti zito tulinunua mtumba Karume, la kwangu shilingi 20,000, na ndilo nililotembea nalo wiki nzima. Usithubutu kununua koti kule.

Kuna faida nyingine ya kuchagua wiki vizuri. Makumbusho ya Louvre yanafungua bure Ijumaa ya kwanza ya mwezi kuanzia saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Julai na Agosti. Orsay, makumbusho mengine ya sanaa, ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Miezi mingi hizo zinaangukia wiki moja. Ukifika Jumatatu ya wiki hiyo, Ijumaa jioni uko Louvre, Jumapili asubuhi uko Orsay, na jioni unapanda ndege. Zote mbili lazima uweke nafasi mtandaoni mapema, hata kama hulipi. Ukikosa Ijumaa hiyo, jua kwamba tangu Januari 2026 mgeni asiyetoka Ulaya analipa euro 32 kuingia Louvre. Wakati tulipokwenda sisi ilikuwa 22. Na Jumanne Louvre imefungwa.

Vingine vingi ni bure siku zote. Notre-Dame, kanisa kuu la Paris lililofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa 2019, hailipishwi. Petit Palais na Carnavalet, makumbusho ya jiji, maonyesho yao ya kudumu ni bure, ila Jumatatu hufungwa. Kanisa la Sacré-Cœur ni bure, na kutoka pale ngazini unauona mji wote. Kupanda mnara wa Eiffel mpaka kileleni kwa lifti ni zaidi ya euro 35. Sisi tulisimama Trocadéro, ng'ambo ya mto, usiku. Kila saa inapogonga mnara unametameta kwa dakika tano, na wifi yangu alisema hajaona kitu kizuri hivyo tangu azaliwe. Hatukulipa hata senti.

Tukirudi kwenye kulala. Wilaya za Paris zina namba 1 mpaka 20, zimejizungusha kama gamba la konokono, ya 1 ikiwa katikati. Namba ya posta inakuambia ukweli hata kama tangazo linasema "karibu na Paris": 75011 ni wilaya ya 11, uko mjini. Ukiona 92, 93 au 94 mwanzoni, uko nje ya jiji. Tafuta wilaya ya 11, 12, 13 au 20, karibu na kituo cha metro. Hoteli ya nyota mbili, chumba cha watu wawili, tuliwekea euro 110 kwa usiku, kila mmoja 55. Nenda na mwenzio; chumba cha mtu mmoja mara nyingi hakipungui bei hata robo. Na kuna kodi ya kulala, wanaiita taxe de séjour, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Inapanda kwa nyota: hoteli ya nyota tatu ni zaidi ya euro 5. Tenga euro 30 kwa wiki, usije ukashtuka mapokezi.

Chakula kinahitaji ujanja kidogo. Mlo wa maana kula mchana, siyo usiku. Mchana mikahawa inaandika ubaoni "formule", yaani sahani mbili kwa bei moja, mara nyingi euro 15 hadi 20. Usiku chakula kile kile kimepanda. Sema "une carafe d'eau" upewe jagi la maji ya bomba bure, maana ukisema maji tu watakuletea chupa ya kulipia. Mkate wa mezani ni bure pia. Bahshishi siyo lazima, huduma imo ndani ya bei. Kahawa ukiinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa mezani. Asubuhi tulikuwa tunanunua baguette, euro moja na senti kidogo, na jibini na matunda dukani, tunakula chumbani. Jioni kebab na chipsi. Sisi ni Waislamu, na halali haisumbui Paris, maduka yameandika mlangoni. Ila jifunze maneno mawili ya nyama ya nguruwe, "porc" na "jambon", ukiyaona pita. Wifi alipotamani chakula cha kwao tulikwenda Château Rouge, wilaya ya 18, soko la Dejean: mihogo, bamia, ndizi za kupika, vyote vipo. Na chai ya mnanaa kwenye mgahawa wa Msikiti Mkuu wa Paris, wilaya ya 5, usiikose. Kwa mpango huo euro 28 kwa siku zinatosha mtu kushiba.

Sasa ile kadi. Inaitwa Navigo Découverte, euro 5, na inataka picha ndogo ya sentimita 2.5 kwa 3. Mwambie mpiga picha wa mtaani kwako akukatie saizi hiyo, ukae nayo ndani ya pasipoti. Pale dirishani uwanja wa ndege unapewa vipande viwili: kadi ya plastiki, na kikaratasi cha kubandika picha, kuandika jina na kuweka saini. Bandika na uandike hapo hapo kabla hujapita geti, kwa sababu mkaguzi akikuta kikaratasi kitupu anakupiga faini. Asikuuzie mtu Navigo Easy, ile ya euro 2. Haiingii tiketi ya wiki.

Hela taslimu nunua euro hapa nyumbani, kiasi tu, mengine lipa kwa kadi. Iambie benki yako unasafiri. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au euro, chagua euro daima, la sivyo utapigwa bei ya kubadilisha. Pale Sacré-Cœur vijana watataka kukufunga uzi mkononi. Ficha mikono na uendelee kutembea, uzi ukishafungwa wanadai hela.

Hesabu ya mtu mmoja basi, bila zawadi: ndege 2,600,000, viza 270,000, ada ya kituo na karatasi 100,000, bima 100,000, kulala usiku sita 990,000, kodi ya kulala 90,000, usafiri 110,000, chakula 590,000, viingilio 150,000, dharura 300,000. Jumla 5,300,000. Ukijipa miaka miwili ni kama 51,000 kwa wiki.

Zawadi nimeziacha nje makusudi, ziwe na bahasha yake. Ukoo mzima utataka kitu, na hela ya zawadi ikichanganyika na ya kula, utakula mkate mkavu siku mbili za mwisho. Wenzangu walitaka marashi na mafuta ya ngozi. Chukua hela zao kabla ya kuondoka, na ununue vyote duka moja. Mgeni asiyeishi Umoja wa Ulaya akinunua vitu vya zaidi ya euro 100 katika duka moja anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi, wanaiita détaxe. Omba fomu hapo hapo unapolipa, na uonyeshe pasipoti. Uwanja wa ndege tafuta mashine zilizoandikwa PABLO, skani fomu, na fanya hivyo kabla hujakabidhi mabegi, maana forodha wana haki ya kutaka kuviona vitu vyenyewe. Fika saa moja zaidi ya kawaida. Foleni ya pale huwa ndefu.