Kwa nini watu wa Gedi walihama? Fumbo la kufundishia wanafunzi kupima ushahidi

Nafundisha Historia kidato cha pili hapa pwani ya Kenya, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la mji wa Gedi. Magofu yake yako msituni, kilomita kama 16 kusini mwa Malindi. Ulikuwa mji wa watu wenye mali, kisha mwanzoni mwa karne ya 17 ukabaki mtupu. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini sababu ya wenyeji kuhama bado inabishaniwa. Mwanafunzi akihisi mwalimu ana jibu, atatafuta kumridhisha mwalimu. Hapa hana wa kumridhisha, itabidi apime mwenyewe.

Tenga vipindi viwili vinavyofuatana. Usianze na nadharia hata moja, anza na vitu. Kata manila vipande na uandike kitu kimoja kwa kila kipande: kaburi lenye tarehe 802 Hijria, yaani 1399, kauri za Kichina, shanga kutoka ng'ambo, ukuta wa nje, ukuta wa ndani uliojengwa baadaye kuzunguka eneo dogo zaidi, kisima cha Msikiti Mkuu kilichoongezwa kina. Wagawe wanafunzi wannewanne na uwaulize: hapa tunaona nini, na tunadhani nini?

Usiharakishe hatua hii. Watakwambia watu wa Gedi walisafiri hadi China. Mwulize aliyesema: kauri umeiona, safari umeiona wapi? Mwache ahangaike kidogo. Mara nyingi mwenzake ndiye atakayesema kwamba bakuli huweza kupita mikono mingi kabla ya kufika mezani kwa mtu. Hapo ndipo darasa linaanza kufikiri.

Sasa leta maelezo yanayotolewa na wataalamu. Wazimba, wapiganaji kutoka upande wa mto Zambezi, waliopita pwani hii mwaka 1589 wakavamia Mombasa, kisha wakashindwa Malindi. Waoromo, wafugaji kutoka kaskazini, waliosukuma kuja kusini. Maji kupungua visimani. Biashara kudorora baada ya Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa, walikoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593. Kila kikundi kichukue dai moja na kijibu maswali mawili: kama dai hili ni kweli, tungetarajia kukuta nini ardhini? Na ni kitu gani kikipatikana kitalivunja? Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu hakuna anayependa kulitafutia dai lake dosari. Lisimamie mpaka lijibiwe.

Kisima ndicho kinachonipa mjadala mzuri kuliko vyote. Kikundi cha maji hukirukia: kimeongezwa kina, basi maji yalishuka, watu wakahama. Usiwakatishe, waulize tu kiliongezwa kina lini. Mwaka mmoja kabla ya kuhama, au miaka mia? Je, watu wakiongezeka si hata hapo kisima huchimbwa zaidi? Kuna msichana aliwahi kusema, "Mwalimu, anayechimba hajapanga kuondoka." Hoja hiyo sikuwa nimeifikiria, na sasa naipeleka kwa kila darasa. Anayechimba anapigania kubaki, kwa hiyo kisima kinathibitisha shida bila kuthibitisha kuhama.

Ukuta wa ndani nao hudaiwa na kila kikundi. Wa Wazimba watasema ni hofu, wa biashara watasema watu walipungua wakajibana. Acha kipande hicho kikae katikati ya meza. Ushahidi unaokubaliana na pande zote mbili haujaamua kesi.

Kisha kuna ukimya. Wareno waliishi Malindi kwa sehemu kubwa ya karne ya 16, na maandishi yao hayautaji mji wa Gedi. Darasa litaamua mji ulifichwa. Huenda waliuita kwa jina lingine, huenda hawakuwa na shughuli huko. Waambie wataje angalau sababu tatu za mtu kutoandika jambo analolijua.

Na huku kwetu lazima mmoja atasema wazee wanaeleza kwamba magofu yana mizimu inayoyalinda. Usimcheke, wala usiruhusu mwingine amcheke. Masimulizi hayo ni ushahidi wa namna watu wa jirani walivyoyaheshimu magofu baada ya mji kuachwa. Yapime kwa maswali yale yale mawili.

Mwishoni kila mtu aandike ukurasa mmoja: maelezo gani yana uzito zaidi, kwa ushahidi upi, na ni ugunduzi gani ungemfanya abadili msimamo. Hiyo sehemu ya mwisho ipe alama nyingi. Anayejibu "hakuna" arudishiwe karatasi aandike upya.

Mkiweza kuyatembelea magofu, nendeni baada ya vipindi hivi, na mwombe mwelekezi awaachie watoto wazunguke kwanza kabla hajasimulia. Mwalimu wa Arusha, Tanzania, anaweza kutumia magofu ya Engaruka: mifereji ya mawe ya kumwagilia mashamba ipo wazi, na wakulima waliohama huko nao hawakuacha maandishi.