Kupakua ISO kubwa kwa bando, mtandao ukikatika mara ishirini

Piga hesabu kwanza. ISO ni faili moja linalobeba mfumo mzima wa kusimika kwenye kompyuta, kama Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux. ISO ya Ubuntu ya kompyuta za mezani siku hizi inazidi GB 5. Mtandao ukikupa KB 200 kwa sekunde, unapata kama MB 720 kwa saa, kwa hiyo faili hilo moja litakula saa saba, yaani bando zima la usiku. Katika saa saba mtandao utakatika tu, na kazi inapaswa kuendelea pale ilipoishia. Anayebana matumizi achukue netinst ya Debian, yaani ISO ndogo ya kusimikia kupitia mtandao, ambayo haifiki GB 1, ila ajue kwamba programu nyingine zitavutwa mtandaoni wakati wa kusimika.

Usitumie kivinjari. Kinaweza kuendeleza faili lililokatika, lakini mara nyingi kikishindwa kinaanza upya, na MB zako zimekwenda. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri.

Kabla ya kuvuta chochote, iulize seva, ukiweka anwani ya faili mahali pa LINKI:

curl -sIL "LINKI" | grep -iE 'content-length|accept-ranges'

Tazama mistari ya mwisho, maana linki ikielekezwa kwingine utaona majibu ya kila kituo. Content-Length ni ukubwa kwa baiti; gawanya kwa milioni upate MB, kisha linganisha na bando lako. Accept-Ranges: bytes maana yake seva inakubali kuombwa faili kuanzia katikati. Isipoonekana, afadhali utafute seva nyingine inayohifadhi ISO hiyohiyo.

Sasa pakua kwa wget, programu ya kupakulia mafaili:

until wget -c --tries=5 --timeout=30 "LINKI"; do sleep 15; done

Kila kipande hapo kina kazi yake. -c ndiyo inayoendeleza. --timeout=30 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: bila hiyo wget husubiri sekunde 900 kwenye laini iliyokufa, robo saa nzima ya bando la usiku ikipita bure. Kitanzi cha until kipo kwa sababu mtandao ukipotea kabisa, wget inashindwa kutafuta jina la seva, na kosa hilo haihangaiki kulirudia, inatoka. Kitanzi kinairudisha kila baada ya sekunde 15. Ukiona 404 (faili halipo) inajirudia, bonyeza Ctrl+C: linki imekufa na kitanzi hakitaifufua.

Ukisahau -c, wget haitagusa faili la jana. Itafungua jipya lenye .1 mwishoni mwa jina na kuanza sifuri. Simamisha haraka, futa hilo la .1, rudia amri na -c.

Jambo la kukumbuka daima: wget inapoendeleza inatazama urefu wa faili tu. Haijui ndani kuna nini. Kutokana na hilo makosa matatu hutokea sana.

La kwanza, toleo kubadilika. Folda ya Debian iitwayo current huhamia toleo jipya, na la zamani hupelekwa archive. Ukipakua kwa siku tatu na toleo likabadilika katikati, usibadilishe jina ili uunganishe nusu ya zamani na nusu ya jipya. Itafute ISO yako ya zamani kwenye archive, uendelee nayo.

La pili, kuchanganya na aria2, programu nyingine ya kupakulia. Amri ya aria2c -c -x4 -s4 hufungua njia nne kwa mpigo na huweza kusaidia pale seva inapobana kila njia. Lakini inajaza faili sehemu mbalimbali kwa wakati mmoja, na kumbukumbu zake ziko kwenye faili dogo lenye .aria2 mwishoni. Usilifute, wala usimalizie kazi hiyo kwa wget: itaona urefu umetimia na kudhani kila kitu kipo.

La tatu, bando kuisha. Mitandao mingine hapo hukurushia ukurasa wa kununua salio badala ya faili. Tumia linki ya https, ili kosa lionekane kama kosa. Ukikuta "ISO" ya KB 6, andika file jina.iso, ikijibu HTML document, huo ni ukurasa wa salio. Futa.

Upakuaji ukiisha, chukua SHA256SUMS, faili la namba za uhakiki, kutoka folda ileile na uhakiki:

sha256sum -c --ignore-missing SHA256SUMS

Unataka OK. Hiyo inathibitisha kwamba faili halikuharibika njiani, basi. Haithibitishi limetoka kwa nani. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kuelekeza linki kwenye ISO ya 17.3 Cinnamon yenye mlango wa nyuma; aliyeweza kubadilisha linki angeweza kubadilisha na namba za uhakiki. Ndiyo maana kuna saini, inayoonyesha nani alizitoa namba hizo. Kwa Debian, pakua pia SHA256SUMS.sign kutoka folda ileile, kisha:

gpg --keyserver keyring.debian.org --recv-keys DF9B9C49EAA9298432589D76DA87E80D6294BE9B
gpg --verify SHA256SUMS.sign SHA256SUMS

Tafuta maneno Good signature. Onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa ni la kawaida. Muhimu ni ufunguo ulio kwenye jibu ulingane na uliochapishwa na Debian.

Na ikijibu FAILED? Wengi hufuta GB zote tano, nao huo ni uharibifu. Nakili ISO mbovu pembeni, kisha pakua faili la torenti la toleo lilelile. Kwa Debian liko folda ya bt-cd. Lifungue kwenye Transmission, programu ya torenti, bila kuanza kupakua, chagua folda yenye ISO yako, jina likiwa lilelile herufi kwa herufi, halafu uiambie ihakiki data iliyopo. Torenti hugawa faili vipande vidogo, kila kimoja na namba yake ya uhakiki, kwa hiyo vibovu vitajulikana na ndivyo tu vitakavyopakuliwa. Mara nyingi ni vichache: kwa kuwa kuendeleza kunahesabu urefu, uchafu ulioingia katikati umekalia nafasi ya baiti zilizokosekana, na zilizofuata ziko mahali pake. Punguza kasi ya kupakia kwenye mipangilio, maana unachowatumia wengine nacho kinakatwa kwenye bando.

Amri za wget zinafanya kazi hata kwenye simu, ndani ya Termux, programu ya terminali ya Android: pkg install wget, kisha termux-setup-storage, na termux-wake-lock ili simu isilale katikati ya kazi. Ukihifadhi kwenye kadi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa mafaili), faili litagoma likikaribia GB 4.3, hata kama nafasi ipo tele.