Rafiki yako anatafuta kazi: namna ya kumwombea na kumshika mkono

Nina steshenari ndogo Kimara, Dar es Salaam, mashine mbili za kutolea kopi na kompyuta moja. Anayetafuta kazi namjua kabla hajasema. Anatoa vyeti kimoja kimoja kwenye bahasha ya kaki, anauliza bei ya kopi moja, anahesabu kwa midomo, kisha anapunguza idadi. Jumamosi saa 12:30 asubuhi, kabla sijafungua duka, baadhi ya watu hao hao nasali nao kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona nikiwa nimekaa kwenye kompyuta, na nimeyaona nikiwa nimepiga magoti.

Nianze na kosa langu. Rafiki yangu wa jumuiya alipunguzwa kazini, alikuwa mhasibu. Kila Jumamosi, muda wa maombi ulipofika, nilipaza sauti: "Tumwombee dada yetu ambaye bado hajapata kazi." Nilimaanisha kila neno. Wiki ya sita hakuja, wala ya saba. Nilipomfuata kwake, alinikaribisha vizuri, akanipa chai ya rangi, halafu akaniambia, "Dada, kila Jumamosi unanitangaza." Watu wakitoka pale walikuwa wakimuuliza njia nzima: umeshapata? Na mimi niliyemwombea kwa sauti kubwa kuliko wote sikuwa nimemuuliza hata siku moja watoto wanakwenda shule na nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuomba ruhusa. Muulize mkiwa wawili: "Tukuombee kwa jina, au nikuombee mimi kimya kimya?" Wapo wanaopenda jumuiya nzima ijue, kwa sababu huko ndiko habari za kazi zinakopita. Wapo ambao hata wakwe zao hawajui kwamba wanatoka asubuhi wakiwa wamechomekea shati na hawana pa kwenda. Ukiandikisha nia ya misa parokiani, "kwa nia maalumu" inatosha. Mungu anamjua.

Jambo la pili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: omba kitu chenye tarehe. "Bwana mfungulie milango" ni sala njema, lakini ukishaisema huna la kufanya. Muulize ameomba wapi, mwisho wa kutuma ni lini, usaili ni siku gani, saa ngapi, na anaogopa nini. Mimi naandika nyuma ya daftari la mauzo. Kijana mmoja mteja wangu aliniambia haogopi maswali, anaogopa Kiingereza chake kukwama mbele ya watu watano waliovaa tai. Nikaliombea hilo hasa, ulimi wake. Siku ya pili yake nikiwa naomba nikaona naomba kitu ambacho sehemu yake iko mikononi mwangu. Tukakaa dukani jioni nne mfululizo baada ya kufunga, nikimuuliza maswali kwa Kiingereza changu cha sekondari, naye akijibu akiwa amesimama, kwa sauti. Asingeniambia anaogopa nini, ningeendelea kumwombea milango.

Saa yangu ya kuwaombea ni kumi na moja jioni, mabasi ya mwendokasi yakianza kushusha watu waliotoka kazini. Niliichagua kwa sababu ya ule mfano wa shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba anatoka saa kumi na moja na bado anakuta watu wamesimama. Anawauliza mbona hapa mchana kutwa bila kazi, wanamjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Jua linazama na bado hawajarudi nyumbani. Naomba uwakumbuke hao kila unapotaka kumwambia rafiki yako "ongeza bidii". Na tafadhali usimwambie labda ana dhambi ambayo hajaungama, au amefungwa na watu wa ukoo, na usimpeleke kwa mtu atakayemdai sadaka ili afunguliwe. Nimemwona dada aliyetoa hela ya mwisho kwa namna hiyo, na wiki iliyofuata akaja kwangu akakosa ya kutolea kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Sisi Wakatoliki tunaye Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye sikukuu yake ya 1 Mei iliwekwa na Papa Pius XII mwaka 1955. Novena, yaani sala ya siku tisa, ikianza 22 Aprili inakamilika siku ya mkesha. Lakini hiyo 1 Mei yenyewe ni siku nzito kwa asiye na kazi. Maandamano, fulana mpya, redio zinazungumzia mishahara tangu asubuhi. Mpigie simu siku hiyo, au mwite mle pamoja.

Kama kazi imekwisha wiki hii, mambo mawili hayasubiri hata novena. Muulize aliachishwaje. Anayeamini ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na wengi siku hizo wanazimalizia kitandani kwa uchungu. Pia kama alikuwa akichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aende akaulizie fao la kukosa ajira. Mwanachama mwenye sifa, ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa sehemu ya mshahara kwa miezi 6. Nenda naye. Mtu aliyefukuzwa kazi anaona aibu kusimama kwenye foleni peke yake.

Kwa kazi za serikali, msaada mkubwa ni macho mawili ya ziada. Soma naye tangazo la Sekretarieti ya Ajira mstari kwa mstari kabla ya kubonyeza chochote. Barua iwe imesainiwa. Wasifu uwe na wadhamini watatu ambao simu zao zinapokelewa, na kama wewe ni mmoja wao, pokea hata namba usiyoijua. Zile karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Majina yakipishana kati ya cheti na cheti, yanahitaji kurekebishwa kisheria, na wakili analipwa. Hapo ndipo watu watatu wa jumuiya wanaweza kuchanga kimya kimya.

Akiitwa kwenye usaili, tangazo litasema msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Sentensi hiyo ndogo imewabakiza wengi nyumbani. Kama usaili uko Dodoma, hesabu nauli: treni ya umeme ya kutoka Dar ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000 kwenda tu. Weka na kurudi, weka na chakula. Kama una ndugu Dodoma, kitanda cha usiku mmoja kwa ndugu yako ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani. Hela ukimpa, mpe mwanzoni, bila yeye kuomba, na uite jina la kitu: "hii ni nauli", "hii ni bando la kutuma maombi ya kazi". Akiiona ni nauli, hajioni ombaomba.

Mlinde pia. Mwajiri wa kweli hamwambii mtu atume hela ya fomu au ya mafunzo kwenye namba ya simu ili apate nafasi. Na kuna lile ambalo mabinti wananong'ona wakiwa wameinamia kaunta yangu: bosi aliyemwambia waonane jioni, sehemu tulivu. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa katika sheria ya rushwa ya 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Akikueleza, mwamini kwanza. Usimuulize alivaa nini. Mwambie hiyo kazi hakuipoteza yeye, na muwe pamoja atakapoamua la kufanya.

Kisha kuna siku ya "tunasikitika kukujulisha", au mbaya zaidi, ukimya. Siku hiyo usitafute maneno. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema kitu, na walianza kumuumiza pale walipofungua midomo. Nenda na nyanya, vitunguu na unga, mpike. Sala yenu iwe fupi na iseme ukweli: Bwana, tumeumia.

Na akipata, usimfute kwenye daftari. Mwezi wa kwanza wa kazi ni mgumu kuliko watu wanavyojua. Anaamka usiku kupanda magari mawili, anahitaji viatu vya heshima, anahitaji chakula cha mchana mbele ya wenzake, na mshahara uko mwisho wa mwezi. Yule rafiki yangu mhasibu alipata kazi baada ya miezi 14. Mimi na wenzangu wawili tuligawana nauli yake ya wiki nne, kila mmoja akiwa na siku zake. Jina lake nililikata kwa mstari daftarini siku aliyopita dukani jioni, amechoka, akaniomba nimprintie hati yake ya mshahara wa kwanza.